Mazoezi kiasi gani yanatosha kwa mtu mwenye majukumu, na yapangwe vipi yasife njiani?

Mama Wawili

Salaam wakuu. Naomba kusaidiwa na wanaoijua hii kazi, maana maneno ya kutiana moyo ninayo ya kutosha. Kazi yangu ni ya kukaa, natoka nyumbani asubuhi narudi jioni, na nina watoto wadogo wawili. Ratiba karibu zote ninazoziona zinataka siku tano kwa wiki, saa nzima kila siku. Kwa maisha yangu hiyo inaanza Jumatatu, ikifika Alhamisi imeshakufa.

Ninachotaka kujua: kiasi cha chini chenye faida ya kweli ni kipi? Nikikikata vipande vidogo ndani ya siku bado kinahesabika? Na wiki ikiharibika, nipunguze kipi ili nisirudi mwanzo? Umri miaka 38, sina presha wala kisukari, na mwili umekaa miaka kadhaa bila zoezi la maana. Vifaa: begi la mgongoni na kamba ya kuruka, basi.

Pumzi Ndefu

Karibu dada. Namba kwanza, halafu mpangilio.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, au achanganye kwa hesabu ya dakika moja kali kwa mbili za wastani. Pamoja na hizo, mazoezi ya nguvu yanayogusa misuli yote mikubwa, angalau siku mbili. Mwongozo uliotangulia, wa 2010, ulitaka kila kipande kifike dakika 10 ndipo kihesabiwe. Sharti hilo limeondolewa. Kwa hiyo ndiyo, vipande vinahesabika: dakika nne za kupanda ngazi ni dakika nne.

Ila usiichukulie 150 kuwa mstari ambao chini yake hakuna kitu. Faida inapanda kwa kasi zaidi pale mtu anapotoka sifuri kwenda 60 au 70, kisha inazidi kupanda polepole. Anayetoka sifuri kwenda 75 anavuna kuliko anayetoka 225 kwenda 300, ingawa jasho ni lile lile.

Ukali wa wastani unapimwa kwa mdomo. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukiishia maneno matatu manne ndipo uvute pumzi, uko kwenye mkali. Njia nyingine: tembea na uhesabu hatua kwa sekunde 15. Zikifika 25, hizo ni hatua 100 kwa dakika, na kwa watu wazima wengi wastani unaanzia hapo. Wapo wanaodhani wanatembea haraka kumbe hawafiki hapo, halafu wanalalamika kwamba kutembea hakuwasaidii.

Wenye saa ya kupima mapigo ya moyo: zidisha umri kwa 0.7, toa kwenye 208. Kwa miaka 38 unapata kama 181, na wastani ni asilimia 64 hadi 76 ya hapo, yaani mapigo 116 hadi 138 kwa dakika. Kanuni ya zamani ya 220 kutoa umri inakutana na hii kwenye miaka 40; kuanzia hapo inazidi kuwapunja wenye umri mkubwa. Zote ni makadirio, na mtu mmoja anaweza kupishana nazo kwa mapigo 10 au zaidi. Saa na mdomo vikigombana, amini mdomo.

Sasa mpangilio. Panga kwa kuangalia wiki mbaya. Chukua wiki mbaya ya kawaida (si ya msiba wala ya kuuguza mtu), ile ambayo kazi imezidi na mtoto mmoja ana mafua. Ndani yake kuna nafasi ngapi ambazo hakuna mtu atakuja kukuibia? Kama ni mbili za dakika 20, ratiba yako ni mbili za dakika 20, na hiyo ndiyo uiandike. Wiki nzuri ongeza utakavyo, lakini nyongeza usiiandike. Ukiiandika, wiki inayofuata inageuka deni, na watu hulipa deni hilo Jumamosi kwa kufanya mara mbili, Jumatatu wanashuka ngazi kwa kushikilia ukuta, Jumanne hawaendi.

Kwako ningeanza na kutembea kwa kasi dakika 7 mara tatu kwa siku, siku tano. Hizo ni dakika 105 na hakuna hata kimoja kinachohitaji kubadili nguo. Kipande kimoja kabla ya kuingia kazini, kimoja baada ya chakula cha mchana, kimoja wakati wa kurudi. Cha baada ya chakula usikiache hovyo, kwa sababu misuli ya miguu ikifanya kazi wakati huo inachukua sukari moja kwa moja kutoka kwenye damu. Nguvu namwachia anayefuata.

Mchuma Mzito

Naipokea. Siku mbili kwa wiki, zipishane angalau saa 48, kwa mfano Jumanne na Jumamosi. Mazoezi manne, dakika 20 pamoja na kupasha mwili joto.

Uzito unautengeneza kwenye begi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo chupa nne za lita moja na nusu ni kilo sita. Mapengo yajaze taulo au shuka, la sivyo chupa zinahama katikati ya zoezi na kukuvuta upande mmoja. Chupa kuliko mchanga au vitabu, kwa sababu utajua hasa umeongeza kiasi gani.

1. Skwoti, begi limekumbatiwa kifuani. Miguu upana wa mabega, shuka hadi makalio yaguse kiti kidogo tu, usikae, kisha panda. Visigino vikinyanyuka, mara nyingi tatizo ni kifundo cha mguu kilichokakamaa. Weka ubao wa unene wa sentimita mbili chini ya visigino huku ukiendelea kukilainisha kifundo.

2. Pushapu za kuinuka: mikono kwenye meza imara au kaunta. Viwiko visitanuke pembeni kabisa, viwe kama nyuzi 45 na kiwiliwili. Kiuno kikining'inia, meza ni fupi mno kwako, tafuta sehemu ndefu zaidi. Ukizidi nguvu, shuka: kaunta, meza, kiti, sakafu. Kiti kiegemeze ukutani kwanza, maana kikiteleza unatua kwa meno.

3. Kuvuta begi. Mkono mmoja na goti moja kwenye kiti, mgongo umenyooka, mkono mwingine uvute begi kwa ile kamba yake ya juu hadi usawa wa kiuno, kiwiko kikipita karibu na mbavu. Wengi huzungusha mwili mzima na kuuita uvutaji. Kifua kibaki kimeangalia chini.

4. Kuinama kwa nyonga, begi kifuani. Magoti yakunje kidogo tu, sukuma makalio nyuma hadi uhisi mvutano nyuma ya mapaja, kisha simama kwa kukaza makalio. Zoezi hili ndilo linalokosewa zaidi: mtu anakunja mgongo badala ya nyonga. Simama hatua ndogo mbele ya ukuta, uguse ukuta kwa makalio. Ukigusa, umeinama vizuri.

Wiki mbili za mwanzo seti moja kwa kila zoezi, mara 8 hadi 12, na uache ukiwa na uwezo wa kufanya tatu zaidi. Wiki ya tatu hadi ya sita seti mbili, uache ukiwa na mbili. Baada ya hapo seti tatu kama muda upo. Kama haupo, mbili zinakutosha kwa muda mrefu sana. Ukifika 12 kwenye seti zote na bado una mbili mkononi, ongeza chupa moja, rudi kwenye 8.

Kuokoa muda, funga mazoezi mawili mawili: pushapu, pumzika sekunde 30, kuvuta, pumzika sekunde 60, rudia. Kifua kinapumzika wakati mgongo unafanya kazi. Skwoti na kuinama kwa nyonga usivifunge pamoja mwanzoni, vyote vinakula miguu. Na pumzi isizuiwe: toa wakati wa kusukuma au kupanda. Ukiizuia, shinikizo la damu linapanda ghafla na kichwa kinazunguka.

Kuhusu wiki kuharibika: punguza idadi, usipunguze uzito. Scott Bickel na wenzake walichapisha mwaka 2011 utafiti ambao watu walifanya mazoezi ya nguvu siku tatu kwa wiki kwa wiki 16, kisha wengine wakapunguziwa hadi siku moja na theluthi ya seti, yaani sehemu moja ya tisa ya kazi ya awali. Wenye miaka 20 hadi 35 walishikilia walichojenga kwa wiki 32. Wenye miaka 60 hadi 75 walihitaji zaidi ya hapo ili misuli isipungue unene. Kwa upande wa pumzi, Robert Hickson alionyesha kwenye miaka ya 1980 kwamba waliopunguza siku kutoka sita hadi mbili hawakupoteza uwezo kwa wiki 15, ilimradi ukali haukushushwa. Waliobaki na siku zao ila wakashusha ukali ndio waliopoteza.

Kwa hiyo wiki mbovu kwako ni seti moja ya kila zoezi, uzito ule ule, siku moja. Dakika kumi. Kufanya seti tatu za begi tupu "ili nisiache kabisa" ni kujichosha bila kushikilia kitu.

Fundi Viungo

Naongezea upande wa maumivu, na kwanza kabisa hiyo kamba: iweke kabatini wiki nane.

Moyo na pumzi huanza kuitikia mazoezi ndani ya wiki mbili tatu. Misuli hufuata. Kano, hasa ile ya kisigino, huchukua miezi. Hapo katikati kuna kipindi cha hatari ambapo mtu anajisikia mzima, pumzi inaruhusu, anaongeza, na kisigino kinalipa. Mtu aliyekaa miaka kadhaa akianza kuruka kamba dakika kumi kila siku, wiki ya tatu au ya nne anakuja na kisigino kinachouma hatua za kwanza asubuhi, au muundi unaouma upande wa ndani.

Kipimo cha kuingia kwenye kamba: simama mguu mmoja, vidole viwili vya mkono vikigusa ukuta kwa ajili ya usawa tu, nyanyua kisigino hadi juu kabisa, shusha taratibu. Ukifika 20 kila mguu bila kupunguza urefu, ruhusa. Chini ya hapo, hilo lenyewe ndilo zoezi lako: seti mbili mara tatu kwa wiki, hata ukiwa unapiga mswaki. Ukishaingia, anza na sekunde 20 za kuruka, 40 za kupumzika, mara kumi, siku mbili zisizofuatana. Miguu inyanyuke sentimita mbili tatu tu, na uruke juu ya mbao au mkeka mgumu, si saruji tupu.

Jambo jingine ambalo kina mama wengi hawalisemi. Mkojo ukipenya unaporuka, kukohoa au kunyanyua kitu, hiyo ni misuli ya sakafu ya nyonga kushindwa kuhimili shinikizo. Ni jambo la kawaida baada ya kujifungua, hata baada ya miaka, lakini linatibika. Acha kuruka kwa muda. Kaza kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, shikilia hadi sekunde 10, legeza kabisa kwa muda ule ule, mara 8, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Kosa kubwa ni kukaza tumbo na makalio badala yake, la pili ni kutolegeza. Lisipobadilika, mwone mtaalamu wa fiziotherapia.

Kutofautisha uchovu na jeraha: uchovu wa misuli huanza siku ya pili, hukolea kati ya saa 24 na 72, umetapakaa, na mara nyingi uko pande zote mbili. Jeraha unaweza kulionyesha kwa kidole kimoja, na liko upande mmoja. Maumivu ya kano yapime kwa 0 hadi 10. Hadi 3 wakati wa zoezi, na asubuhi yake yamerudi kama kawaida, endelea. Yakizidi 3, au asubuhi ni mabaya kuliko jana, punguza idadi kwa nusu. Kupumzika kabisa wiki tatu halafu kurudi pale pale hakusaidii, kano inarudi ikiwa dhaifu zaidi.

Kifua kubana, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au mkojo kuwa wa rangi ya kahawia baada ya zoezi zito: hayo si ya kupima kwa namba, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Mama Wawili

Asanteni sana, hili la kamba limenifaa kuliko mnavyodhani, na la chini yake pia. Maswali matatu ya mwisho. Nikiweka yote wikiendi, je? Zile za dakika nne za Tabata ni za kweli? Na niamke saa kumi alfajiri badala ya kumi na moja ili nipate nafasi?

Pumzi Ndefu

Wikiendi inafaa kuliko inavyosemwa. Uchambuzi wa O'Donovan na wenzake wa mwaka 2017, uliohusisha zaidi ya watu 60,000 wa Uingereza na Scotland, ulikuta kwamba waliokusanya mazoezi yao kwenye siku moja au mbili walikuwa na vifo vichache kuliko wasiofanya chochote, na hawakuwa mbali na waliosambaza. Kasoro ziko mbili. Dakika 75 kwa mkupuo ni mzigo mkubwa kwa viungo ambavyo havijafanya kitu tangu Jumapili. Na mwili unaitumia insulini vizuri zaidi kwa siku moja au mbili tu baada ya zoezi, kisha hali inarudi, ndiyo maana wenye kisukari huambiwa wasipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya kitu. Ukiweza, Jumamosi ndefu na Jumatano fupi inashinda Jumamosi na Jumapili.

Tabata ni ya kweli, lakini kinachouzwa kwa jina hilo sicho. Izumi Tabata na wenzake mwaka 1996 waliwaweka vijana wanamichezo kwenye baiskeli ya maabara, sekunde 20 za kukanyaga na 10 za kupumzika, mizunguko saba au minane, kwa asilimia 170 ya mzigo unaomaliza uwezo wao wa kutumia oksijeni. Mwisho wake mtu hawezi kuendelea. Ukimaliza dakika nne na bado unaweza kupiga gumzo, ulichofanya ni skwoti za dakika nne. Si vibaya, ila usitegemee matokeo ya maabara.

Kinachofaa kwako kiko kwenye ngazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walijaribu mwaka 2017 kwa wanawake wasiofanya mazoezi: sekunde 20 za kupanda ngazi kwa nguvu zote, mara tatu, na katikati yake dakika mbili mbili za mwendo wa taratibu. Ukiweka dakika mbili za kupasha mwili mwanzoni na tatu za kupoa mwishoni, jumla dakika 10. Siku tatu kwa wiki kwa wiki sita, uwezo wao wa pumzi uliongezeka. Shuka kwa kutembea na ushike reli. Watu huumia wakishuka, si wakipanda. Lakini hii ni ya baada ya wiki nane pia, kwa sababu ile ile ya kano.

Kuamka saa kumi: unalala saa ngapi? Kama usingizi unabaki saa saba, amka. Kama unashuka hadi tano na nusu, hapana. Usingizi ukipungua, misuli inajijenga kwa shida, njaa inaongezeka, na mpango wenyewe hautavuka mwezi.

Daftari

Niseme la ratiba tu. Zoezi lisifungwe na saa, lifungwe na tukio ambalo lazima litokee. "Saa kumi na mbili jioni" inaliwa na foleni. "Nikishawalaza watoto, kabla sijakaa kwenye kochi, navaa raba" haina pa kukimbilia. Sehemu ya kochi ni muhimu, ukishakaa imekwisha.

Kuhusu kuzoea, zile siku 21 zinazotajwa kila mahali zisahau. Utafiti wa Phillippa Lally wa London, uliochapishwa 2010, ulikuta siku ya katikati ni 66, wa haraka 18, na makadirio ya wa mwisho 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo usihesabu mfululizo wa siku, hesabu vipindi kwa mwezi: ukiwa umepanga vinane na ukafanya sita, mwezi umekwenda vizuri. Ukipata vinne au pungufu miezi miwili mfululizo, ratiba ni kubwa mno, kata theluthi.

Na hatua 10,000 ni namba ya tangazo la kipimo cha hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Utafiti wa I-Min Lee wa 2019 kwa wanawake wa wastani wa miaka 72 uliona faida kuanzia kama 4,400 kwa siku, ikaacha kuongezeka karibu na 7,500. Kwa umri wako huenda kilele kiko juu zaidi, lakini hakuna haja ya kuzunguka sebule usiku ili saa ifike 10,000.

Mama Wawili

Nimejaribu begi la kilo sita kifuani sasa hivi, mikanda inakata mabega na linanivuta mbele.

Mchuma Mzito

Usilining'inize kwa mikanda. Kumbatia kwa mikono yote miwili, sehemu ya juu ya begi ifike chini kidogo ya kidevu, na chupa zilizojaa ziwe upande unaogusa kifua, taulo upande wa nje. Kuvutwa mbele kidogo ni kawaida, kunakusaidia kukaa nyuma bila kuanguka. Kukizidi hadi visigino vinyanyuke, toa chupa mbili na uanze na kilo tatu.